Klabu ya waonja divai iliyoanza kwa sababu divai haikununuliwa, na jumba la watawa lililoipa makao

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Ukitaja klabu ya kuonja divai, wengi wanaona watu wenye tai wakizungusha glasi na kutoa maneno ambayo hata wao hawayaelewi vizuri. Nilikuwa na picha hiyohiyo. Ikaja kuharibika nilipoanza kufuatilia habari za klabu moja iliyozaliwa kwenye mji mdogo wa Nuits-Saint-Georges, jimbo la Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa. Inaitwa Confrérie des Chevaliers du Tastevin, yaani Udugu wa Mashujaa wa Tastevin. Leo wanachama wake wanakadiriwa kufika 12,000 duniani, wanavaa majoho mekundu yenye dhahabu na wanafanyia karamu zao kwenye jumba la karne ya 16. Ukiwaona leo utadhani walizaliwa na hela zao.

Hawakuzaliwa nazo. Tuanzie kule walikotokea.

Bourgogne iliingia karne ya 20 ikiwa imeshachapwa. Mwaka 1878 kidudu kinachokula mizizi ya mizabibu, filoksera, kilionekana katika mkoa wa Côte-d'Or. Kilitokea Amerika, na mizabibu ya Ulaya haikuwa na kinga nacho. Dawa iliyokuja kusaidia ilikuwa kupandikiza mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kimarekani, maana yake shamba zima linang'olewa na kuanza upya. Mkulima anang'oa, anapanda, halafu anasubiri miaka kadhaa kabla ya kuchuma zabibu za maana. Hawajakaa sawa, ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Kisha Marekani ikapiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, soko zima likafungwa. Kisha 1929 uchumi wa dunia ukaanguka.

Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukishuka kwenye handaki la mkulima wa Nuits unakuta mapipa yamepangwa ukutani, kila moja lita 228, sawa na chupa kama 300. Ndani kuna divai nzuri, na mnunuzi hayupo.

Hapo ndipo wanaingia Georges Faiveley, mfanyabiashara wa divai, na rafiki yake Camille Rodier. Hoja yao ilikuwa nyepesi mno: kama hakuna anayenunua divai yetu, basi tuwaalike marafiki waje tuinywe pamoja nao. Tarehe 16 Novemba 1934 wakafanya mkutano wa kwanza ndani ya handaki la divai pale mjini, linalojulikana kama Caveau Nuiton. Hakukuwa na kasri wala lango la mawe. Palikuwa na chumba cha chini ya ardhi, mapipa, chakula, na watu waliokuwa na sababu ya kutofurahi lakini wakaamua kufurahi.

Nikipata nafasi jioni nitaendelea na jumba lenyewe, maana lina historia ndefu kuliko klabu.

#2

Nipo siti ya mbele. Mkuu, usije ukatuacha njiani kama kawaida ya nyuzi ndefu.

#3

Swali kabla hujaendelea. Hiyo tastevin ni nini hasa? Ni mtu, ni mahali, ni cheo?

#4 Mleta uzi

Ni kikombe, mkuu. Neno lenyewe ukilivunja ni "onja divai". Nimewahi kukishika kimoja, ngoja nikieleze.

Ni bakuli dogo la fedha, pana kama kiganja na fupi sana, kina yake haizidi kidole kimoja kikilala. Lina kishikio kidogo cha pembeni cha kupitisha kidole. Ukitazama ndani ndipo unapoelewa: sakafu yake haikulainishwa. Upande mmoja una vishimo vya mviringo, upande mwingine una mistari iliyoinuka, na katikati kuna uvimbe kama kitovu. Mara ya kwanza nilidhani ni mapambo tu.

Kumbe ni taa. Handaki la divai lina giza, na zamani mtu alishuka na mshumaa. Ukitaka kujua kama divai imetulia au bado ina tope, glasi nene ya enzi zile haikusaidii. Unamimina kidogo kwenye tastevin, unaisogeza karibu na moto, na zile kingo za fedha zinautupa mwanga kupitia divai kutoka pande zote. Divai yenye ukungu inajionyesha palepale. Rangi nayo unaiona ikiwa nyembamba kwenye mistari na nzito kwenye vishimo, ndani ya kikombe kimoja.

Kwa kunusa kikombe hiki hakifai kitu. Ni kipana, harufu inatawanyika kabla haijafika puani. Ndiyo maana leo waonjaji, pamoja na hao Mashujaa wenyewe, wanatumia glasi yenye mdomo uliobana. Tastevin wanaivaa shingoni kwa utepe mwekundu na dhahabu. Imestaafu kazi, ikapewa cheo.

#5

Hapo kwenye mshumaa nimekuelewa kuliko video zote nilizowahi kuangalia. Endelea na jumba.

#6 Mleta uzi

Haya, jumba.

Kutoka Nuits-Saint-Georges ukielekea kaskazini kwa barabara ya Dijon, kilomita chache tu, unafika kijiji cha Vougeot. Kushoto kwako ukuta wa mawe unafuata mizabibu. Ndani ya ukuta kuna takriban hekta 50 za mizabibu, zinapanda taratibu kutoka barabarani kuelekea kilimani, na juu kule limekaa jumba peke yake bila jirani. Shamba ndilo Clos de Vougeot. "Clos" ni shamba lililozungushiwa ukuta.

Aliyelianzisha siyo bwana wa vita wala mfalme. Ni watawa. Mwaka 1098 Robert wa Molesme na wenzake walijitenga wakaanzisha abasia (nyumba ya watawa) ya Cîteaux, kwenye bonde lenye maji na misitu upande wa mashariki. Walitaka kurudi kwenye kanuni kali: sala, kazi ya mikono, hakuna anasa. Shida ni kwamba misa inahitaji divai, na udongo wa bondeni haufai kwa mizabibu. Mwanzoni mwa karne ya 12 wakaanza kupata vipande vya ardhi pale mteremkoni Vougeot, vingine kwa kupewa sadaka, vingine kwa kununua au kubadilishana. Waliunganisha kipande kwa kipande kwa vizazi kadhaa, hadi karne ya 14 wakakamilisha ukuta unaozunguka shamba zima. Nawaheshimu kwa hilo. Mtu anapanga jambo akijua kabisa hataliona likiisha.

Jengo la kwanza halikuwa la kuishi mabwana. Lilikuwa la kazi: ghala la divai la karne ya 12, na ukumbi wa kukamulia zabibu. Huo ukumbi bado upo na nitausemea peke yake. Nyumba yenye sura ya kasri, ile inayopigwa picha, ilijengwa mwaka 1551 na abate (mkuu wa watawa) Dom Jean Loisier, zama ambazo watawa wa Cîteaux walikuwa wameshazoea maisha ya nafuu.

Hapo kuna hekaya wenyeji wanaisimulia. Inasemwa mtawa kijana alichora ramani ya nyumba hiyo, akaipeleka kwa abate huku kifua mbele, akisema hakuna aliyewahi kuchora nzuri kama yake. Abate akaona hapa kuna kiburi. Akaichukua ramani akawapa watawa wengine waivurugevuruge, kisha akamrudishia yule kijana na kumwamuru ajenge ilivyo, na makosa yote yawe kwa jina lake. Kijana akafa kwa majonzi. Ukisimama uani utaambiwa utazame vizuri, kuna vitu havijalingana. Kama ni kweli au watu walitafuta visa vya kuelezea fundi aliyelewa, mimi simo.

#7

Huyo abate angekuwa bosi wangu ningeacha kazi wiki ya kwanza.

#8

Mimi ninayejua kidogo mambo ya ujenzi naona nyumba yoyote ya karne ya 16 haijalingana, maana ilijengwa kwa awamu na hela ilikuwa inakatika. Ila hekaya ni tamu, iacheni.

#9 Mleta uzi

Ha ha, mkuu #8 umeiua hekaya kwa sentensi moja.

Twende kwenye ukumbi wa kukamulia. Nilipoingia nilidhani nimeingia kwenye karakana ya kujenga merikebu. Kuna mitambo minne, mmoja kila pembe. Kila mmoja ni boriti za mwaloni, nyingine nene kuliko mtu, zimelazwa moja juu ya nyingine kama mkono mrefu ulionyooshwa. Zabibu zilizokwisha kuchacha ziliwekwa chini ya bega la mkono huo, halafu upande wa pili watu wakazungusha parafujo ya mbao mpaka mkono wote ukashuka kwa uzito wake. Nguvu ilitoka kwenye uzito wa mti na urefu wa mkono, watu walikuwa wa kuanzisha tu. Mbao zimekuwa nyeusi na laini pale mikono ilipokuwa inashika. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokaa kwenye vyumba vya kifahari.

Jiko nalo lina dari ya mawe ya kuba inayoegemea nguzo moja tu ya katikati. Juu kuna bweni la ndugu walei, wale watawa wa kazi za mikono, lenye paa la mbao ambalo mafundi seremala wanalipiga picha kuliko divai.

Watawa walishika shamba hilo karibu miaka 700. Mapinduzi ya Ufaransa yakaja, mali za kanisa zikataifishwa, na mwaka 1791 Clos ikapigwa mnada kama mali ya taifa. Mtunza divai wa mwisho, Dom Goblet, husimuliwa kwamba aliondoka na akiba yake ya divai ya zamani akaenda kuishi Dijon. Siku moja Napoléon Bonaparte akatuma mtu kuomba ile divai. Jibu likarudi: kama anaitaka sana, aje ainywe hapahapa kwangu. Kuna kingine cha afisa wa jeshi la Mapinduzi aitwaye Bisson, aliyekuwa anapita na kikosi chake, akasimamisha askari mbele ya ukuta na kuwaamuru watoe saluti ya silaha kwa mizabibu. Mwandishi Stendhal alikiandika. Kikiwa na chumvi au hakina, kinaonyesha shamba lilivyokuwa na jina.

Baadaye likashikwa na watu mbalimbali. Mwaka 1818 akalinunua Julien-Jules Ouvrard, likabaki zima mkononi mwa mmiliki mmoja kwa miongo mingi. 1889 warithi wakauza, na kuanzia hapo likaanza kukatwakatwa. Jumba akalichukua Léonce Bocquet, akalikarabati. Nadhani bila huyu leo tungekuwa tunazungumzia magofu. 1920 likanunuliwa na Étienne Camuzet, mkulima wa kijiji jirani cha Vosne-Romanée na mbunge.

Kesho nitawaambia klabu ilivyokuja kukutana na jumba. Leo macho yamechoka.

#10

Mkuu, ngoja. Unasema lilikatwakatwa. Sasa hivi Clos de Vougeot ina wamiliki wangapi? Na mbona chupa zote zina jina moja?

#11 Mleta uzi

Zaidi ya 80, mkuu. Hekta 50 kwa watu zaidi ya 80. Mwenye kipande kikubwa kuliko wote, Château de la Tour, ana hekta 5 na nusu hivi. Wengine wana mistari michache tu ya mizabibu, wanatoa pipa moja au mawili kwa mwaka.

Na ndiyo, wote wana haki ya jina moja na daraja la juu kabisa la Bourgogne, grand cru, tangu 1937. Sheria iliufuata ukuta. Hapo ndipo ugomvi ulipo. Mizabibu ya juu, karibu na jumba, ina udongo wa mawe ya chokaa, maji hayatuami. Ya chini karibu na barabara imekaa kwenye udongo mzito na tambarare, mvua ikizidi mizizi inasimama majini. Ni shamba moja kwa ukuta, lakini kwa udongo ni mashamba matatu. Watawa hawakuwa na tatizo hilo kwa sababu walikuwa na zabibu zote mkononi, wakachanganya walivyotaka. Kuna msemo wa zamani kwamba ya juu ilikuwa ya mapapa, ya kati ya maaskofu, ya chini ya watawa wenyewe. Ni msemo tu, lakini mnunuzi wa leo akiukumbuka hatapoteza kitu. Jina la mtengenezaji kwenye chupa hii lina uzito kuliko jina la shamba.

#12

Naongezea kwa mkuu #10. Hii siyo Clos de Vougeot peke yake. Bourgogne nzima iko hivyo, sheria ya mirathi ya Ufaransa inagawa kwa watoto wote sawa. Vizazi vitatu tu, shamba limekuwa mistari. Mwaka 2015 UNESCO iliingiza mashamba hayo yaliyogawanyika, wenyewe wanayaita "climats", kwenye urithi wa dunia.

#13 Mleta uzi

Shukrani mkuu #12, umenipunguzia kazi.

Turudi kwa Mashujaa. Miaka kumi ya kwanza walikuwa wapangaji wa handaki, lakini hawakukaa tu kunywa. Walitunga ibada. Mwanachama mpya anasimamishwa mbele ya wakuu wenye majoho na kofia za kale, maneno yanatamkwa kwa Kilatini cha kuchekesha, kisha anaguswa begani kwa shina la mzabibu lililokauka, kwa jina la Nuhu baba wa mizabibu, la Bacchus mungu wa divai, na la Mtakatifu Vincent msimamizi wa wakulima wa zabibu. Kaulimbiu yao ina mchezo wa maneno wa Kifaransa usiotafsirika: "Jamais en vain, toujours en vin". Maana yake si kwa bure kamwe, daima kwa divai. "Vain" na "vin" masikioni ni kitu kimoja.

Unaweza kuwacheka, na wao wanataka ucheke. Lakini tazama hesabu yake. Balozi, mwandishi, mwanamuziki, mwenye hoteli wa ng'ambo, anakuja Nuits, anavishwa kikombe shingoni, anakula mayai yaliyopikwa kwenye mchuzi wa divai nyekundu, anaimbiwa. Akirudi kwao anaongea nini? Mwaka 1938 wakafufua na sikukuu ya Mtakatifu Vincent, safari hii ikizunguka kijiji hadi kijiji kila Januari, ya kwanza ikafanyika Chambolle-Musigny. Kwa hiyo wageni waliletwa mezani, na wakulima wakapata siku yao wenyewe barabarani na sanamu zao mabegani. Ile ya pili ndiyo naipenda zaidi, maana haina bahasha ya mwaliko.

Kisha vita. Bourgogne ikawa chini ya Wajerumani. Dijon ilikombolewa tarehe 11 Septemba 1944. Sasa shikeni hapo: mwezi Novemba mwaka huohuo, nchi haijapata hata mkate wa kutosha, Camuzet aliuza jumba la Clos de Vougeot. Wanunuzi walikuwa kampuni iliyoundwa na marafiki wa jumba, na kampuni hiyo ikalikodisha kwa Udugu kwa miaka 99.

Vita ilikuwa haijaisha, na watu walikuwa wanasaini mkataba wa miaka 99 wa ukumbi wa karamu. Niliposoma hilo nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Jumba lilikuwa kubwa mno kwa familia yoyote ya wakulima kulikalia. Divai ilikuwa haitengenezwi tena humo, kila mmiliki alikuwa anapeleka zabibu kwake. Jumba lisilo na kazi paa lake linadondoka. Kikundi cha watu wenye wageni 500 wa kulisha na wasio na pa kuwakalisha ndicho kilikuwa kinakosekana.

#14

Kwa hiyo klabu haimiliki mizabibu ya pale?

#15 Mleta uzi

Jumba limezungukwa na mizabibu ya watu, mkuu. Ukitoka mlangoni hatua chache, kila msitari una mwenyewe. Wao wamekodi mawe, wengine wana zabibu. Ndiyo maana nasema ndoa ile ilikuwa ya lazima kwa pande zote mbili.

Karamu zao, wanaita "chapitre" kama vikao vya watawa, zinafanyika mara kadhaa kwa mwaka ndani ya lile ghala la karne ya 12. Meza ndefu, kuta nene, nguzo za mawe. Maarufu zaidi ni ya Novemba: Jumamosi karamu Clos de Vougeot, Jumapili mnada wa divai wa Hospices de Beaune, hospitali iliyoanzishwa 1443 ambayo minada yake imekuwa ikifanyika tangu 1859, na Jumatatu chakula cha mchana katika kijiji cha Meursault ambapo kila mtu anakuja na chupa yake. Siku hizo tatu wanaziita "Trois Glorieuses". Ini likitoka salama hapo lina bahati.

#16

Samahani wakuu, nichafue hewa kidogo. Mpaka sasa nimesoma habari za majoho, nyimbo na mayai. Kuonja kuko wapi? Hii ni klabu ya karamu na matangazo ya biashara, siyo ya kuonja. Anayekualika ndiye anayekuuzia. Klabu ya kweli ya kuonja inaficha chupa, inaandika alama, na inakubali kuumia. Mfano ni Paris, tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara wa divai Steven Spurrier alipowafichia majaji tisa wa Kifaransa chupa za Ufaransa na za California. Mmoja wao alikuwa Aubert de Villaine wa Domaine de la Romanée-Conti, shamba maarufu la Bourgogne, tena jirani wa hao Mashujaa wako. Kwenye divai nyeupe Bourgogne ilikuwa na chupa nne, lakini mshindi akawa Chateau Montelena ya California ya mwaka 1973. Kwenye nyekundu mshindi akawa Stag's Leap Wine Cellars ya 1973, nayo ya California. Hayo ndiyo kuonja.

#17 Mleta uzi

Mkuu #16, hujachafua hewa, umeisafisha. Nusu ya hoja yako naikubali bila kupepesa. Walianza kama matangazo na hawajawahi kulificha hilo.

Nusu ya pili siikubali. Mwaka 1950 walianzisha Tastevinage. Wakulima na wafanyabiashara wa Bourgogne wanaleta divai zao, chupa zinafichwa jina la mtengenezaji, na jopo la watu kama mia mbili na zaidi wanakaa meza mbalimbali palepale jumbani: wakulima, madalali, wataalamu wa divai, wenye migahawa, wanywaji wa kawaida. Wanaambiwa divai ni ya eneo gani na mwaka gani, basi. Swali wanaloulizwa wanapoandika alama ni zuri kwa urahisi wake: je, divai hii inawakilisha jina lake na mwaka wake, na ungefurahi kuwa nayo nyumbani umpe rafiki? Ikipita inaruhusiwa kubandika lebo ya Udugu yenye namba. Nyingi hazipiti.

Niliwahi kukaa kwenye meza ya kuonja ya aina hiyo, siyo yao, ndogo zaidi. Mpaka chupa ya kumi ulimi umeshakuwa kama umepakwa chaki. Unaangalia juu ya karatasi nyeupe, unanusa kabla ya kuzungusha, unanusa tena baada ya kuzungusha, unavuta kidogo na hewa, unatema. Hakuna karamu hapo. Ndoo ya mate inakaa katikati ya meza na mtu anaisogeza kwa adabu. Mzee mmoja aliyekaa kushoto kwangu hakuandika neno hata moja la matunda wala maua. Aliandika "ndiyo", "hapana", na mara moja "kesho". Nikamuuliza hiyo kesho ni nini. Akasema bado imefunga, ukiionja leo unaionea.

#18

"Ukiionja leo unaionea". Mzee kamaliza.

#19

Mimi bado niko na mkuu #16. Watengenezaji kuwa majaji wa divai za jirani zao, hata jina likifichwa, wanajuana mikono. Mkulima wa Vosne anaitambua ya Vosne.

#20 Mleta uzi

Kweli wanajuana. Lakini mgeni naye ana upofu wake. Divai ya Bourgogne ikiwa changa huwa nyembamba na kali, na ukiiweka kati ya divai nzito inaonekana dhaifu. Majaji wa 1976 nao walilalamika baadaye, wengine kwa hasira. Mimi nikipewa nichague, nitachukua matokeo ya kuficha majina kuliko ya kuonyesha, na nitachukua jopo lenye watu wa udongo ule kuliko lisilo nao. Nikipata yote mawili pamoja silalamiki.

#21

Wakuu, wanawake wanaruhusiwa, au ni Mashujaa wa kiume tu?

#22 Mleta uzi

Wanaapishwa, dada, kama ni dada. Na wageni wasio wanachama wanakaribishwa kwenye karamu wakialikwa na mwanachama. Jambo moja ukifika: wakianza kuinua mikono usawa wa uso na kuzungusha viganja kama umeshika bilauri huku wanaimba "la la la", usikae ukiangalia. Ni salamu ya Bourgogne. Inua, zungusha, kisha piga makofi tisa. Nilipiga kumi. Ukumbi ulishanyamaza, kofi langu la kumi likasikika mpaka jikoni.

#23

Makofi kumi 😂😂

#24

Nimerudi kwenye post #13. Mkataba wa miaka 99 kuanzia 1944, ukijumlisha unafika 2043. Hiyo siyo mbali. Mvinyo mzuri uliokamuliwa mwaka huu utakuwa bado haujafika kileleni. Baada ya hapo jumba ni la nani?

#25 Mleta uzi

La wale wale wenye hisa wa kampuni ya marafiki wa jumba, na watakaa mezani na Udugu kupanga upya. Nafikiri kila upande unajua mwenzake hana pengine pa kwenda. Nani mwingine atalipia paa lile? Na wao watawavisha wapi majoho balozi 500, warudi kwenye handaki la Nuits?

#26

Mbona handaki ndilo ningependa mimi. Mshumaa, tastevin, na watu wasizidi ishirini.